Magunia Kumi ya Sukuma Wiki: Nitrojeni Ilipotelea Wapi?

Harufu ndiyo iliyonipokea. Nilikuwa bado langoni pa mabati, sijayaona hata magunia yenyewe, pua ikaanza kuwasha na macho yakalengwa na machozi. Manyunyu ya kwanza ya masika yalikuwa yameanguka siku tatu kabla, na mtaa wote wa Kangemi, Nairobi, ulinukia udongo uliolowa. Lakini ua huu ulinuka kama choo cha shule kilichofungwa likizo nzima.

"Mwalimu, jionee mwenyewe," mama mwenye ua akasema. "Sukuma yangu imeungua. Wameniuzia mbolea feki."

Nafundisha kemia katika shule ya upili, na kitinda mimba wake alipitia darasani kwangu. Ndiyo maana nikaitwa mimi badala ya afisa wa kilimo. Nilidhani ni jambo la dakika kumi. Nilirudi mara nne katika muda wa wiki tano, na nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu sijaona tena mahali padogo hivyo ambapo nitrojeni imepotea kwa njia tatu tofauti kwa wakati mmoja. Wakulima wengi wa jijini wanapoteza mbolea kwa njia zizo hizo, na lawama inamwangukia asiyehusika.

Yalikuwa magunia kumi ya kilo tisini, yamejazwa udongo mwekundu wa upande wa Dagoretti, katikati nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, miche juu na kwenye matundu ya ubavuni. (Wataalamu wa udongo huuita udongo huu mwekundu nitisoli, na wanafunzi wangu hudhani jina hilo linatokana na nitrojeni. Linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa, kwa sababu bonge lake likivunjwa hung'aa. Nitrojeni haimo kwenye jina, na mara nyingi haitoshi kwenye udongo wenyewe.)

Magunia matano yaliyoegemea ukuta ndiyo yaliyonuka. Majani yalikuwa yamekauka kingoni, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na miche midogo ilikuwa imelala kabisa. Mawili karibu na jikoni hayakuwa na harufu wala hayakuungua, ila sukuma ilikuwa imedumaa na majani ya chini yamegeuka manjano. Mawili mengine yalikaa chini ya tangi la maji lenye valvu inayovuja miezi na miezi. Hayo nayo yalikuwa manjano, na udongo wake ulikuwa chepechepe kiasi kwamba kidole changu kilizama chote. Gunia la kumi, peke yake karibu na lango, lilikuwa na sukuma ya kijani kizito, majani mapana, bua nene.

Umanjano unaoanza na majani ya chini ni ushahidi mzuri. Nitrojeni huhamishika ndani ya mmea. Ikipungua, mmea hubomoa protini na klorofili ya majani mazee ili kulisha machipukizi. Chuma hakihamishiki hivyo, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani machanga. Magunia manne yale yalikuwa na njaa ya nitrojeni, ingawa mama alikuwa ameyawekea mbolea siku tisa tu kabla.

Nilianza na tuhuma yake, kwa sababu haikuwa ya kupuuzwa. Mwaka 2024 nchi ilitikiswa na sakata ya mbolea bandia, wakulima walipouziwa magunia yaliyogunduliwa hayana virutubisho vilivyoandikwa nje. Tangu hapo, mmea ukikataa, mtu wa kwanza kushtakiwa ni muuzaji. Mama alikuwa na mabaki ya mifuko miwili aliyopimiwa kwa kilo kwenye duka la pembejeo: yurea, punje nyeupe za mviringo, na CAN (kalsiamu amoniamu nitrati), punje zenye rangi ya majivu.

Nilitia kijiko cha yurea kwenye glasi ya maji. Ikayeyuka yote bila kuacha tope, na glasi ikapoa mkononi mpaka ikatoa umande kwa nje. Yurea halisi hufanya hivyo, kwa kuwa huvuta joto ikiyeyuka. Punje chache nyingine niliziweka kwenye kifuniko cha mkebe juu ya jiko la makaa. Ziliyeyuka zikawa kama maji, hazikugeuka nyeusi kama sukari, kisha zikaanza kutoa mvuke uliowasha pua. Karatasi nyekundu ya litmasi, niliyoilowesha na kuishika juu ya mvuke huo, ikageuka buluu. Amonia. CAN nayo iliacha tope jeupe chini ya glasi, na tope lile likatoa povu nilipolikamulia ndimu, maana ni chokaa. Majaribio haya hayakupi asilimia, lakini yanatosha kukuambia kwamba hukuuziwa chumvi wala mchanga uliopakwa rangi.

Mbolea ilikuwa mbolea. Nitrojeni iliingia kwenye magunia. Ikabaki kujua ilipotelea wapi.

Hapa ndipo ninapoipenda namba ya uoksidishaji, ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuitupa. Atomu ya nitrojeni ina elektroni tano kwenye ganda lake la nje. Ikifungamana na haidrojeni, inahesabiwa kuwa imejipatia elektroni tatu zaidi, na tunaiandikia −3. Ikifungamana na oksijeni, ambayo ina nguvu ya kuvuta kuliko yenyewe, inaweza kuhesabiwa kuwa imenyang'anywa zote tano, na tunaiandikia +5. Katikati kuna vidato vyote: nitrojeni ya hewani, N₂, iko 0. N₂O iko +1, NO iko +2, nitriti iko +3, NO₂ iko +4, na nitrati iko +5.

Hesabu yake haimshindi mtoto wa kidato cha pili. Nitrati ni NO₃⁻: oksijeni tatu zenye −2 kila moja ni −6, ioni nzima ina −1, basi nitrojeni lazima iwe +5. Amoniamu ni NH₄⁺: haidrojeni nne ni +4, ioni ina +1, basi nitrojeni ni −3. Yurea, CO(NH₂)₂, nayo ukiipigia hesabu, nitrojeni zake zote mbili ziko −3. Ukishajua atomu iko kwenye kidato gani, unaweza kuuliza kama imepanda, imeshuka au imetulia, na nani alitoa au kupokea elektroni zake.

Haya, tuje kwenye magunia matano ya ukutani.

Mama aliambiwa dukani aweke konzi moja ya yurea kwa kila gunia. Akaweka, juu ya udongo mkavu, bila kufukia. Jioni ile ile, kwa kuwa vidukari walikuwa wameingia, akanyunyiza jivu la jikoni kwenye majani na juu ya udongo, kama mama yake alivyokuwa akifanya shambani. Tatizo la kwanza ni konzi. Niliipima konzi yake kwenye mizani: gramu 50. Yurea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kila gunia lilipata gramu 23 za nitrojeni. Mdomo wa gunia una upana wa sentimita 50 hivi, yaani eneo la karibu mita mraba 0.2. Ukipanua kiwango hicho kiwe cha hekta, unapata kilo 1,150 za nitrojeni. Mkulima anayekuzia mboga kwa kilo 100 kwa hekta hahesabiwi kuwa bahili. Kijiko kimoja cha chai kingetosha gunia lile.

Kwa siku sita yurea ilikaa kavu, haifanyi lolote. Kisha yakaja manyunyu, kidogo mno kuisukuma chini, lakini ya kutosha kuilowesha. Udongo wowote wenye uhai una kimeng'enya kiitwacho yureasi, kile ambacho James Sumner alikitoa kwenye aina ya maharagwe mwaka 1926 na kukifanya fuwele, kimeng'enya cha kwanza kabisa kupatikana kwa umbo hilo. Yureasi huivunja yurea kwa maji ikawa amonia na kaboni dayoksaidi. Tazama vidato: nitrojeni ilikuwa −3 ndani ya yurea, na iko −3 ndani ya amonia. Haijapanda wala haijashuka. Hakuna elektroni iliyobadilisha mikono.

Kilichoamua hatima yake ni jivu. Amonia ndani ya maji ya udongo huishi na pacha wake, amoniamu, yenye chaji ya kushikwa na chembe za mfinyanzi. Nani ni mwingi kati yao hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali. Kwenye pH ya 7, sehemu iliyo gesi haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH ya 9.25 ni nusu kwa nusu. Kwenye pH ya 10, asilimia 85 ni amonia, tayari kuruka. Jivu la kuni lina kabonati ya potasiamu na chokaa, na karatasi ya pH niliyoigusisha kwenye tabaka lile la kijivu juu ya gunia ilionyesha kati ya 9 na 10. Yurea yenyewe ikivunjika hupandisha pH pembeni ya punje, hata bila msaada. Mama alikuwa ameiwashia moto kutoka pande zote mbili.

Nilishika litmasi yenye unyevu kiganja kimoja juu ya gunia la kwanza. Ilianza kubadilika kingoni, ikaenea, ikawa buluu nzima kabla sijamaliza kumweleza mama nilichokuwa nikikifanya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo pesa yangu ndiyo inayonuka hivi?" Ndiyo, nikamjibu. Ndiyo hasa.

Na ni pesa yenye historia ndefu. Hewa iliyo juu ya Kangemi ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini atomu zake mbili zimefungamana kwa kifungo chenye mikono mitatu ambacho kukivunja kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli. Fritz Haber aliionyesha njia ya kuishusha nitrojeni kutoka 0 hadi −3 mwaka 1909, Carl Bosch akaigeuza kuwa kiwanda huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mpaka leo inafanyika kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo la zaidi ya mara mia ya hii tunayoivuta. Punje ile imesafiri kutoka kiwandani hadi bandarini Mombasa hadi Nairobi, na kwenye ukuta wa mama ikarudi hewani kwa sababu ya jivu la ugali.

Lakini harufu haielezi kwa nini majani yaliungua. Sehemu ni athari kama ya chumvi: yurea nyingi hivyo huvuta maji kutoka kwenye mizizi. Sehemu ni amonia yenyewe, ambayo ni sumu kwa mizizi michanga. Na kulikuwa na jambo la tatu, nililoligundua nilipotembelea mara ya pili, wiki moja baadaye. Nilibeba vijikaratasi vya kupimia maji ya samaki wa mapambo, vinavyoonyesha nitriti na nitrati kwa rangi. Nilikoroga udongo wa kila gunia kwenye maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nikachuja kwa karatasi, nikachovya.

Gunia la kijani la langoni lilionyesha nitrati ya kutosha na nitriti hakuna. Magunia ya ukutani yalionyesha kinyume: nitrati kidogo, na kipande cha nitriti kikawa waridi kama ua la bogonvilia. Nitrojeni ilikuwa imekwama kwenye +3.

Kwa kawaida udongo wenye afya huipandisha nitrojeni kwa hatua mbili. Kundi moja la bakteria, Nitrosomonas na ndugu zake, huitoa amonia kwenye −3 hadi nitriti kwenye +3, elektroni sita. Kundi la pili, wakiwemo Nitrobacter, huimalizia hadi +5, elektroni mbili. Wote hula elektroni hizo kama sisi tunavyokula ugali, na oksijeni ndiyo inayozipokea mwishoni. Sasa, kundi la pili huathirika na amonia huru kuliko la kwanza. Pakiwa na amonia nyingi na pH ya juu, wa kwanza wanaendelea kuzalisha nitriti, wa pili wamezidiwa, na nitriti inajaa katikati kama matatu zilizokwama kwenye mzunguko wa Westlands. Nitriti ni sumu kwa mizizi. Kwa hiyo sukuma iliyonusurika na amonia ilikuta nitriti ikiisubiri.

Magunia mawili ya jikoni nitayapitia haraka, kwa sababu kosa lake ni jepesi. Mama alikuwa amechanganya udongo na maranda mabichi kutoka kwa fundi mbao ili uwe mwepesi. Maranda yana kaboni mamia kwa kila nitrojeni moja. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni kujenga miili yao, na vikaichukua CAN yote kabla ya mizizi. Nitrojeni hiyo haikupotea milele. Imefungiwa ndani ya vijidudu, kwenye −3, na itarudi vikifa.

Ni magunia ya chini ya tangi yaliyonihuzunisha zaidi, maana hayakuwa na harufu hata kidogo. Mama alikuwa na hakika kwamba mbolea bado imo, kwa vile hakuna kilichonuka.

Humo aliweka CAN. Ina amoniamu nitrati iliyochanganywa na chokaa, na amoniamu nitrati ni kiwanja cha ajabu: nitrojeni moja iko −3 na nyingine iko +5, ncha mbili za ngazi ndani ya fuwele moja. Ukiipasha joto kwa uangalifu, hukutana katikati, +1, ikawa N₂O na maji. Ikiwa nyingi na moto ukaizidi, hukutana kwa kishindo. Beirut iliona hilo tarehe 4 Agosti 2020, tani zipatazo 2,750 zilipolipuka bandarini. Chokaa iliyomo kwenye CAN imewekwa ili isifike huko.

Ile nusu ya nitrati ndiyo iliyopotea kwenye magunia yale. Udongo uliojaa maji hauna oksijeni, na bakteria wengi wa udongo wakikosa oksijeni hawafi. Hutafuta kitu kingine cha kupokea elektroni zao, na nitrati inafaa sana. Wanaishusha kidato kwa kidato: +5, +3, +2, +1, hadi 0. Mwisho wake ni N₂, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile ambayo Oppau ilianza nayo ikaishusha kwa joto na shinikizo. Sehemu yake huponyoka kabla ya kufika chini, ikiwa N₂O, gesi ambayo kila kilo moja huipasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Nusu nyingine, amoniamu, haikuweza kupanda hadi nitrati kwa sababu kupanda kunahitaji oksijeni, na mizizi iliyozama haikuwa na nguvu ya kuinyonya vizuri. Kijikaratasi changu kilitoka cheupe kabisa.

Nilimwambia mama jambo ambalo nalirudia kwa kila mkulima ninayemkuta: shambani, pua inanusa amonia tu, ile ya −3. Nitrojeni iliyonuka ukutani haikuwa imebadili kidato hata kimoja. Ile iliyoshuka vidato vitano chini ya tangi iliondoka kimya, na hiyo ndiyo iliyokwenda mbali zaidi.

Matengenezo hayakuhitaji gharama. Magunia ya ukutani tulikwangua tabaka la juu lenye jivu, kina cha vidole viwili, tukaling'oa sukuma lililokufa, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ambayo hushika amoniamu kama mfinyanzi unavyoishika. Tulimwagilia kwa kiasi, mara kwa mara. Angemimina ndoo nzima nzima, nitrati ambayo ingetokea baadaye ingeshuka na maji hadi mtoni, na nitrati haishikwi na udongo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa kwa ajili ya watoto wachanga, na chini ya bonde lile kuna watu wenye visima. Kupanda upya tulisubiri mpaka nitriti ipotee kwenye kijikaratasi. Ilichukua wiki mbili na nusu.

Ya jikoni yalipewa kijiko cha chai cha CAN kila wiki, mara tatu, ili vijidudu vishibe na mizizi ipate. Ya tangini yalihamishwa, yakatobolewa chini, na fundi akabadilisha valvu. Hatukuyawekea chochote mpaka udongo ukawa wa kukandika bila kutoa maji.

Wiki ya tano sukuma ya jikoni na ya tangini ilikuwa kijani. Ninapoliangalia jani kama lile huwa nakumbuka kazi iliyofanyika humo. Nitrati inayoingia kupitia mizizi iko +5, na mmea hauna matumizi ya +5. Protini zote zinaitaka kwenye −3. Jani linaishusha vidato vyote vinane, elektroni mbili kwanza, kisha sita, kwa nishati ya jua. Kile ambacho kiwanda hukifanya kwa moto na shinikizo, kikianzia 0, jani hufanya kazi ya kufanana nacho likianzia juu kabisa ya ngazi, likiwa limetulia uani Kangemi.

Mama alikuwa amefunga kijiko cha chai kwa uzi kwenye msumari, karibu na mfuko wa mbolea, ili asije mtu akatumia mkono.

"Na vidukari wakirudi, Mwalimu? Jivu niache kabisa?"

"Usiache, mama. Jivu lina potasiamu, linafaa. Ila lisikutane na yurea. Liweke kwanza, mvua ipite juu yake, ukae wiki tatu ndipo uweke mbolea, na uifukie."

Akachukua kipande cha makaa, akaandika ukutani juu ya yale magunia matano, kwa herufi kubwa: JIVU TAREHE 3. MBOLEA TAREHE 24. FUKIA.